HABARI ZA ASKARI WALIOUMIA WAKARUDI JESHINI



Katika mkutano mkuu wa mwaka huu, baada ya hesabu kusomwa na kukubaliwa, ilisomwa barua moja iliyowanyamazisha wazee kwa kitambo. Aliyeiandika ni mwanachama wetu, mzazi wa kijana aliyekuwa askari wa Kenya, ambaye alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti kwa bomu lililotegwa njiani ng'ambo ya mpaka. Kijana huyo amekwisha kupona, ana mguu wa bandia, naye ameachishwa kazi kwa heshima. Sasa ataka kurudi jeshini. Baba yake alituuliza hivi: je, jambo hili limepata kutokea kwa watu waliotutangulia, au mtoto wangu aota ndoto?

Waliohudhuria wanakumbuka mabishano yaliyofuata. Wako waliosema kwamba jeshi ni la wenye miguu miwili, na kwamba kumsukuma kijana mlangoni pa kambi ni kumpeleka akadharauliwe mara ya pili. Wengine walisema kuwa mtu aliyekwisha kutoa mguu wake kwa ajili ya nchi hawezi kuambiwa kwamba hana cha kutoa tena. Mzee mmoja, ambaye nyonga yake ilivunjwa katika siku zile za Novemba 1980 hapa Garissa, Bulla Kartasi ilipochomwa moto, aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini mtu aombe kurudi kwa watu wa bunduki, ilhali wengine hawakuomba hata kukutana nao. Hakuna aliyemjibu. Kamati iliagiza habari za zamani zitafutwe, ziandikwe katika kitabu hiki, ili tutakapokutana tena tuseme kwa kujua. Nazo ndizo hizi.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba nchi yetu hii haikuanza kujuana na jeshi jana. Keya, yaani King's African Rifles, iliundwa mwaka 1902, na kwa muda mrefu Jubaland yote, tangu mto Juba hata huku kwetu, ilikuwa chini ya serikali ya Nairobi. Mwaka 1916, mwezi wa Februari, Waaulihan walipoivamia boma ya Serenli na kumwua ofisa Elliott, Keya ililetwa kuja kuwaadhibu, na katika miaka iliyofuata askari walipita katika nyanda hizi wakikusanya bunduki na ngamia. Mwaka 1925 Waingereza waliwapa Waitalia Jubaland, na mpaka ukakatwa kati ya ndugu na ndugu. Hivyo wako miongoni mwetu ambao babu zao walivaa sare ya Keya, na wako ambao babu zao walipigwa risasi na Keya, na mara nyingine ni ukoo mmoja.

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ulianzia kwa Wasomali, ingawa si hapa Garissa bali kaskazini, katika Somaliland ya Waingereza. Wakati huo Sayyid Muhammad Abdille Hassan na Madarwishi wake walikuwa wakipigana na Waingereza, vita vilivyodumu tangu 1899 hata 1920. Waingereza walimwita mwendawazimu, na sisi twashangaa wazimu gani huo ulioweza kuwasumbua kwa miaka ishirini na zaidi mpaka wakaleta ndege. Mwaka 1914 liliundwa Jeshi la Ngamia la Somaliland, lenye askari wengi wa Kisomali, na mwezi wa Novemba mwaka huo jeshi hilo lilikwenda kuzishambulia ngome za mawe za Madarwishi mahali paitwapo Shimber Berris.

Miongoni mwa maofisa alikuwamo Adrian Carton de Wiart, mzaliwa wa Brussels, umri wake miaka 34. Huyu alikuwa amekwisha kujeruhiwa katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Pale Shimber Berris alikimbilia mlango wa ngome, akapigwa risasi usoni, akapoteza jicho la kushoto na sehemu ya sikio. Ngome hazikutwaliwa kwa shambulio hilo. Jeshi lilirudi tena mwezi wa Februari 1915 ndipo zikavunjwa. Lakini Carton de Wiart hakuwapo wakati huo. Alikuwa amepelekwa Uingereza, na huko madaktari wakaliondoa kabisa lile jicho.

Hapa twaomba wazee wasome polepole. Mtu huyu, jicho moja limekwenda, alikwenda mbele ya baraza la madaktari wa jeshi akaomba apelekwe Ufaransa, ambako vita vikuu vilikuwa vimekwisha kuwaka. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1950, madaktari walishangaa, kisha wakamwambia kwamba wangemkubali ikiwa atavaa jicho la kioo. Alilivaa. Baraza likampitisha. Alipotoka nje alipanda teksi, akalitoa lile jicho akalitupa dirishani, akafunga kitambaa cheusi, wala hakulivaa tena maisha yake yote.

Wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko. Sisi twakiona kuwa na jambo zito ndani yake. Jicho la kioo halioni. Madaktari hawakutaka aone zaidi. Walitaka aonekane kama mtu mzima mbele ya watu. Walipokwisha kuridhika na sura yake, mlango ulifunguka.

Na baada ya kufunguka, mtu huyu alifanya nini? Mwaka huo huo wa 1915 alipoteza mkono wa kushoto katika mapigano ya Ypres. Akarudi tena kazini. Julai 1916, katika vita vya Somme, alikuwa akiongoza kikosi kijijini La Boisselle, na makamanda watatu wa vikosi vingine walipoanguka alivichukua vyote chini ya amri yake. Kwa kuwa alikuwa na mkono mmoja tu, aling'oa pini za mabomu ya mkono kwa meno. Kwa kazi ya siku hizo mbili alipewa nishani ya Victoria Cross. Alistaafu mwaka 1923. Mwaka 1939, alipokaribia miaka 60, aliitwa tena. Akatumwa Poland, kisha Norway. Mwaka 1941 ndege yake ilianguka baharini karibu na Libya, akatekwa na Waitalia, na mwaka 1943 alitoroka akatembea siku nane kabla ya kukamatwa, mtu wa jicho moja na mkono mmoja asiyejua Kiitalia. Baadaye alipelekwa China kuwa mjumbe wa Churchill. Aliachana na jeshi kabisa mwaka 1947, akafariki Ireland mwaka 1963.

Basi jibu la swali la mzazi wetu, je, limepata kutokea, ni ndiyo. Limetokea, tena kwa mtu ambaye jicho lake lilibaki katika nchi ya Wasomali.

Walakini hatuwezi kuishia hapo. Askari wa Kisomali waliokimbilia mlango ule ule wa ngome nao walipigwa risasi. Tofauti ya ofisa na askari haikuwa katika risasi, maana risasi haisomi cheo begani. Ilikuwa katika yaliyofuata. Carton de Wiart alikuwa mtoto wa mwanasheria tajiri, mwenye jamaa katika nyumba za wakubwa wa Ubelgiji. Alijua baraza la madaktari linakaa wapi, alijua lugha yake, na alikuwa na watu wa kuulizia habari zake. Askari aliyelemaa alikuwa na ukoo wake na ngamia wake, kama ngamia walikuwa wamebaki. Aliporudi nyumbani hakuna aliyemwuliza kama ataka kurudi kazini. Ilidhaniwa kuwa askari ni mwili, na mwili ukiharibika hubadilishwa kwa mwili mwingine. Ofisa ni akili na amri, navyo havikatwi pamoja na mkono.

Hatusemi kwamba askari waliomaliza kazi hawakupata chochote kamwe. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Wasomali wa Isaaq na wa Harti waliotumikia Serikali walipewa mahali pa kukaa Isiolo, na wajukuu wao wako huko hata leo. Kwa wapagazi waliobeba mizigo ya vita, wengi wao hawakurudi hata kidogo, majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yamebaki kuwa kumbukumbu yao. Lakini kupewa mahali pa kukaa ni jambo moja, na kurudishiwa kazi ni jambo jingine. Kijana wetu hakuomba kiwanja.

Na kabla hatujaondoka katika vita hivyo, tutaje upande wa pili. Jemadari wa Wajerumani aliyepigana na Keya kwa miaka minne katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, Paul von Lettow-Vorbeck, naye alikuwa mtu aliyeharibika jicho. Alijeruhiwa mwaka 1906 kule Namibia ya leo, akapoteza nuru ya jicho la kushoto, akatibiwa Afrika Kusini, kisha akaendelea na kazi. Alifika Dar es Salaam Januari 1914, na majeshi makubwa yaliyomfukuza hayakumshika mpaka aliposalimisha silaha Abercorn mnamo Novemba 1918. Kwa hiyo wazee wanaosema vita vyataka macho mawili wamesahau kwamba vita vilivyowaua jamaa zao wengi viliongozwa, upande mmoja, na mtu wa jicho moja.

Yuko pia kisa kinachosimuliwa juu ya askari wake Waafrika. Mwaka 1964 Wajerumani waliamua kuwalipa askari wale wazee mishahara waliyokuwa wakiwadai tangu vita. Wazee wapatao 350 wakakusanyika Mwanza. Wachache sana walikuwa na karatasi za utumishi. Wengine walileta vipande vya sare, na wengi hawakuwa na kitu. Inasimuliwa kwamba mwenye fedha, asijue la kufanya, aliwapa ufagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani washike silaha, wainue, washushe. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Ilikuwa imepita miaka 46. Twakitaja kisa hiki kwa sababu ya yale waliyosahau wenye karatasi: mafunzo ya askari hukaa mahali ambapo bomu halifiki.

Sasa turudi Garissa. Waitalia walipoingia vitani Juni 1940, mto wetu Tana ulikuwa mstari wa ulinzi. Mwezi wa Julai Waingereza waliiacha Moyale, na hapakuwa na kitu kikubwa kati ya Waitalia na Nairobi isipokuwa kiu na umbali. Brigedi ya Gold Coast, yaani Ghana ya leo, iliwekwa hapa Garissa. Desemba mwaka huo askari hao, pamoja na Waafrika Kusini, waliishambulia El Wak. Februari 1941 majeshi yakasonga mbele kupitia Liboi. Brigedi ya Afrika Mashariki ikaingia Afmadow tarehe 11, Kismayu ikatwaliwa tarehe 14, na Mogadishu tarehe 25. Msomaji atazame tarehe hizo, maana tutazirudia.

Wakati huo huo kulikuwa na ofisa mwingine katika lile lile Jeshi la Ngamia. Jina lake Eric Wilson, aliyekuwa amehudumu katika Keya tangu 1937, mtu wa miwani. Agosti 1940 Waitalia walipoivamia Somaliland ya Waingereza, Wilson na askari wake wa Kisomali waliwekwa vilimani Tug Argan na bunduki za rashasha, zile ambazo wazee wa Keya waliziita bombom. Tarehe 11 alijeruhiwa begani na katika jicho la kushoto, miwani yake ikavunjika, na juu ya hayo alikuwa na malaria. Aliendelea kupigana mpaka tarehe 15, ngome zake zilipoingiliwa. Habari zilifika London kwamba amekufa, akapewa Victoria Cross kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Kumbe yu hai, mfungwa wa Waitalia huko Eritrea, asijue kwamba ametukuzwa. Alifunguliwa mwaka 1941 Waitalia waliposhindwa huko.

Yeye naye alirudi. Alitumika katika jangwa la Afrika Kaskazini, kisha akawa naibu wa kamanda katika kikosi cha 11 cha Keya kilichokwenda Burma. Huko alishikwa na homa kali ya msituni inayoletwa na wadudu wadogo, akalazwa miezi miwili. Na hapa ndipo tunapotaka baba wa kijana wetu aweke kidole chake: walipoona kwamba hawezi tena vita vya msituni, hawakumtupa. Walimleta Jinja, Uganda, kuwa mkubwa wa kituo cha kuwafundisha askari wa miguu. Jicho lililoumia, bega lililoumia, mwili uliochoshwa na homa, na bado jeshi liliona kwamba ndani ya mtu huyo mna kitu ambacho vijana wanaoanza wakihitaji. Baada ya vita alifanya kazi ya utawala Tanganyika mpaka mwaka 1961, akafariki Desemba 2008, umri wake miaka 96.

Twaweza kuongeza Douglas Bader, rubani Mwingereza aliyekatwa miguu yote miwili mwaka 1931, akaondolewa jeshini mwaka 1933 ingawa aliweza kurusha ndege, kisha akarudishwa vita vilipoanza mwaka 1939. Miguu yake haikuota kati ya 1933 na 1939. Kilichobadilika ni haja ya Serikali. Jambo hili halina budi kusemwa wazi, kwa kuwa linamhusu kijana wetu: jeshi hupima ulemavu kwa mizani mbili, moja ya wakati wa amani na moja ya wakati wa upungufu wa watu, na anayeomba kurudi lazima ajue ni ipi iliyo mezani siku ile.

Je, askari wetu wa vita vya pili? Watu zaidi ya 300,000 kutoka Afrika Mashariki na Nyasaland waliandikwa. Wazee wa Keya waliporudi kutoka Burma walipewa kiinua mgongo na barua, wakaambiwa kwaheri. Mwaka 2019 zilitangazwa karatasi za Serikali ya Uingereza za wakati ule, zikaonyesha kwamba askari Mzungu alihesabiwa hadi mara tatu ya malipo ya Mwafrika wa cheo kimoja, kwa vita vile vile. Mwaka mmoja kabla yake, 2018, Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 12 kuwasaidia wazee hao wa Jumuiya ya Madola na wajane wao wapate milo miwili kwa siku. Miaka 73 ilikuwa imepita tangu vita viishe. Wengi walikuwa wamekwisha kula mlo wao wa mwisho.

Baada ya Uhuru, yaliyotokea hapa kwetu kila mzee anayajua, nasi tutapita upesi. Tangu 1963 hata 1967 palikuwa na vita vya shifta, na njia zilitegwa mabomu. Katika chama hiki wamo waliokuwa na sare ya Serikali na wamo waliokuwa upande mwingine. Hukaa katika mkeka mmoja, hunywa chai katika birika moja, wala hatutawaomba wasimulie. Hali ya hatari katika mkoa wetu haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mzee aliyeuliza lile swali la Novemba 1980 ana haki ya kuliuliza, na historia hii haimjibu. Twamwambia tu kwamba kijana anayetajwa katika barua hakuwa amezaliwa, na kwamba aliingia jeshini mlango ukiwa wazi, kwa kupimwa urefu na kuhesabiwa meno kama watoto wengine wa Kenya.

Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia, na njia ilikuwa ile ile: Garissa, Liboi, Afmadow, Kismayu. Mwaka 1941 toka Afmadow hadi Kismayu zilikuwa siku tatu. Safari hii Afmadow ilitwaliwa mwisho wa Mei 2012, na Kismayu ikafuata mwisho wa Septemba. Waitalia walikuwa na mizinga na vyeo, wakakimbia walipozidiwa. Adui wa sasa hukimbia akarudi usiku kutega bomu barabarani. Kwa hiyo majeraha nayo yamebadilika. Zamani askari alipigwa risasi kifuani akafa, au begani akapona. Sasa gari lake lililo na chuma kizito humwokoa roho, na mguu hubaki njiani. Nchi yetu imepata kizazi kizima cha vijana walio hai, wenye akili timamu, wenye mafunzo ya gharama, wasio na mguu au mkono.

Sheria zinasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kwamba Serikali ijitahidi hatua kwa hatua ili watu wenye ulemavu wasipungue asilimia 5 katika nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa. Maneno mazuri. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo humlinda karani na dereva, yasema yenyewe kwamba haiwahusu wanajeshi. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya askari wastaafu, nayo yashughulika na waliokwisha kutoka. Anayetaka kuingia tena anabaki katikati, kama mtu aliyesimama katika kivuko cha Tana baada ya pantoni kuondoka.

Majirani zetu wa Uganda, ambao askari wao waliingia Somalia mapema kuliko wetu, Machi 2007, wana kambi Mubende kwa ajili ya askari waliolemaa, ambako huangaliwa na kufundishwa kazi wakiwa bado watu wa jeshi. Hatusemi kwamba kambi hiyo ni pepo. Wako wanaosema kwamba ni mahali pa kuwaficha walemavu wasionekane mjini. Ila katika jambo moja Mubende yatupa hoja: askari hakuacha kuwa askari siku aliyokatwa mguu.

Baada ya kuyasoma haya yote, Kamati ilimwita kijana mwenyewe, jambo ambalo, tukisema kweli, lilipasa kufanywa kabla ya mabishano yote. Alikuja akitembea bila fimbo. Alisema kwamba kazi yake ilikuwa mitambo ya mawasiliano, kwamba mkono wake na sikio lake ni vizima, na kwamba hakuomba kupelekwa mpakani. Ataka kuwafundisha vijana wapya jinsi ya kutunza mitambo wakati gari limepinduka na vumbi limejaa, kwa maana yeye aliwahi kufanya hivyo damu ikimtoka. Yule mzee wa nyonga alimwuliza kama haogopi. Alijibu kwamba anaogopa kukaa dukani kwa mjomba wake akihesabu sukari mpaka afe. Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu mkutano mkuu.

Kwa hiyo shauri la Kamati ni hili. Kijana asiende mlangoni pa kambi akiwa na huzuni yake tu mkononi. Achukue barua ya kuachishwa kazi. Achukue hati ya daktari, si ile ya siku alipokatwa, bali ya sasa, inayoeleza anatembea umbali gani na mguu wa bandia na anasimama muda gani. Apate maandishi ya mkubwa wake wa zamani juu ya ujuzi wake, maana baraza la madaktari litatazama mguu, na lazima awepo mtu wa kulitazamisha kichwa. Aombe kazi ya kufundisha, kwa jina lake, wala asiombe kurudi tu. Wilson hakupelekwa Jinja kwa huruma. Na kama wataka avae kitu kirefu kinachouficha mguu ili wapigaji picha wasiuone, avae siku ile, kisha afanye alivyofanya Carton de Wiart.

Wakimkataa, waandike sababu. Askari wa Shimber Berris hawakupewa sababu katika karatasi, na ndiyo maana leo hatuwezi kuwatetea. Nakala ya kila barua itawekwa katika sanduku la chama, pamoja na vitambulisho vya wazee wa Keya tulivyokabidhiwa na wajane wao.

Watakaomsindikiza Nairobi ni baba yake, Katibu, na yule mzee wa nyonga, aliyeomba mwenyewe kwenda. Nauli yao imeandikwa katika hesabu za mwaka huu, chini ya Msaada wa Safari.